Nani Aulizwe Juu ya Moshi?

Katika darsa yetu ya usiku hapa Kakamega, baada ya sala ya Isha, alisimama ndugu mmoja mwenye kuuza nguo za mitumba sokoni akatuuliza suala ambalo mpaka leo hatuoni kuwa yafaa kulijibu kwa neno moja. Usiku ule tulikuwa tumezungumza juu ya israfu, yaani kukitumia kitu kupita mpaka wake, tukataja kuni na mkaa, tukataja joto la dunia linalozidi na mvua zisizoshika tena majira yake. Akasema: "Sheikh, mke wangu apika kwa mafiga matatu. Mimi sina gari, sijapata kupanda ndege, na taa nyumbani kwangu ni moja. Hao wanaotuletea khabari za joto huja kwa magari makubwa, wakakaa saa mbili, wakanywa soda, wakaenda zao. Je, katika moshi huu uliojaa duniani, moshi wangu mimi ni upi? Na Mungu ataniuliza mimi, au atawauliza wao?"

Watu walicheka, lakini sisi hatukuona kuwa hapo pana pa kuchekea. Suala hili si la mzaha, bali ni katika masuala makubwa ya zama zetu, na mtu mwenye kulidharau hakulifahamu.

Kwanza tumpe muulizaji haki yake. Hesabu za mataifa zaonyesha kwamba hewa ya kaboni itokanayo na kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi, ukiigawanya kwa idadi ya watu, fungu la Mkenya mmoja halifiki hata nusu ya tani kwa mwaka. Fungu la Mmarekani lakaribia tani 14. Na katika Qatar, nchi ya ndugu zetu Waislamu, fungu la mtu mmoja lapita tani 30. Twaitaja Qatar kwa makusudi, maana wako wasemaji katika mimbari zetu ambao hupenda kulifanya jambo hili kuwa ni dhambi ya Wazungu peke yao, kana kwamba mafuta yakitoka katika ardhi ya Waislamu hayatoi moshi. Maulamaa waliokutana Istanbul mwezi wa Agosti 2015 walikuwa na ushujaa kuliko wasemaji hao, kwani katika tamko lao waliwataka khasa mataifa tajiri na nchi zenye kuchimba mafuta watangulie wao katika kuiacha njia hii.

Kwa hivyo deni kubwa silo la muuza nguo wa Kakamega, na mtu atakayesimama mbele yake na kumhutubia kama kwamba yeye ndiye aliyeichoma dunia, atakuwa amemdhulumu. Hilo twalisema wazi, wala haturejei nyuma.

Lakini ndugu yetu alikosa mahali pamoja. Alidhani ya kuwa suala ni moja, ilhali yako mawili. La kwanza ni hili: ni nani aliyeipasha dunia moto? Na la pili: hicho kilichomo mikononi mwetu wenyewe, twakitendaje? Mtu aweza kuwa hana hatia katika la kwanza, na la pili likamkamata shingoni. Jirani yako akiwa ni mwizi mkubwa, wizi wake haukuhalalishii wewe kuipunja mizani yako.

Tazameni jiko la mafiga matatu. Moto wake wapepewa na upepo huku na huku, sehemu kubwa ya joto lake yapotea hewani pasi na kugusa sufuria, na moshi wake wabaki chumbani. Ni nani akaaye katika moshi ule? Si sisi wanaume tunaokaa barazani tukingoja kuitwa kula. Ni mama, na mtoto aliye mgongoni mwake. Shirika la Afya Ulimwenguni limekadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020, na katika hao watoto wa chini ya miaka mitano ni zaidi ya laki mbili. Basi twamwambia muulizaji: moshi wako ni ule uliomo kifuani mwa mke wako. Huo hautokani na Marekani wala Qatar. Na kanuni ya sheria yetu ambayo kila mwanafunzi wa fiqhi huisoma mwanzo mwanzo ni kwamba madhara huondoshwa.

Khalafu utazameni msitu. Sisi tulio hapa tumeuzoea hata hatuuoni. Msitu wa Kakamega ni kipande kilichobakia hapa Kenya cha misitu ile mikubwa ya mvua iliyoenea kutoka Kongo. Uliwekewa mpaka na serikali ya kikoloni mwaka 1933, katika miaka ile ile ambayo watu walikuwa wakimiminika hapa kutafuta dhahabu, na eneo lililo ndani ya mpaka ni kama kilomita mraba 240, ingawa msitu wa asili wenyewe hivi leo ni mdogo kuliko hiyo hesabu. Na pembeni mwake ni watu gani? Hesabu ya mwaka 2019 ilionyesha kuwa kaunti hii ina watu 1,867,579, na wengi wao hupika kwa kuni. Mashamba yamegawanywa kwa wana na wajukuu mpaka yamekuwa kama mikeka. Wapo wanaopanda mikaratusi kwenye mipaka ya mashamba, nao wamefanya vyema kwa upande wa kuni, ingawa wazee hulalamika kwamba mti huo hunywa maji ya chemchemi. Lakini mkaa ni shauri jingine. Katika tanuri la udongo la kienyeji, kilo moja ya mkaa hula kilo nyingi za mti kabla haijafika sokoni, na mnunuzi wa mjini anayeliona gunia mbele ya duka haoni ule mti uliopotea kwa moshi kule shambani au kule msituni.

Hapa ndipo mtu hutuuliza: basi nifanyeje? Na majibu aliyoyazoea ni matatu. Serikali humwambia: ni marufuku. Mhubiri humwambia: ni dhambi. Na mgeni wa miradi humpa fulana yenye maandishi mgongoni. Serikali ilipiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma mwezi wa Februari 2018, na hatusemi kuwa amri ile haikuwa na maana. Lakini amri haipiki ugali, na mkaa uliendelea kuuzwa. Ama sisi wahubiri, na tuseme kweli: tumezisoma khutba za kukataza israfu tangu tulipopewa mimbari, na hatujaona hata nyumba moja iliyobadilisha jiko lake kwa sababu ya khutba. Watu husikia, huitikia amina, hurudi nyumbani wakakuta mafiga yako pale pale.

Ni nani basi ambaye neno lake lashika? Tumelifikiri jambo hili miezi mingi, na twaona kwamba ni fundi. Fundi wa bati, mfinyanzi, mwashi, mpishi wa karamu, mwenye duka, mkunga, mwalimu wa shule, dereva wa pikipiki. Mtu hamwendei fundi ili apate mawaidha; humwendea kwa haja yake, na fedha i mkononi, na masikio yako wazi. Mwashi akimwambia, "Dirisha hili tulitie upande huu, hutawasha taa mchana," hujibiwa, "Haya, fanya." Sheikh akimwambia maneno hayo hayo, huulizwa dalili.

Mfano ulio karibu ni ule wa mifuko ya plastiki. Mpaka katikati ya mwaka 2017 hapakuwa na mtu katika nchi hii aliyedhani kuwa twaweza kununua sukari pasi na mfuko. Tarehe 28 Agosti ya mwaka ule amri ikaanza, na adhabu yake ilikuwa kali, faini iliyofika hata shilingi milioni nne. Lakini ni nani aliyeibadilisha ada yenyewe? Ni mwenye duka, ambaye mnunuzi alipounyosha mkono kama alivyozoea, alimwambia, "Sina." Katika siku chache vikapu vikarudi sokoni. Adhabu iliwatia khofu wenye maduka, na wenye maduka wakatufundisha sisi sote, bila ya kutuhutubia hata kidogo.

Na mfano ulio bora zaidi ni jiko. Lile jiko la bati lenye kiuno, lililotiwa udongo wa kuchoma ndani yake, ambalo leo laonekana kila mji wa Afrika ya Mashariki hata watu hudhani lilikuwepo tangu enzi za mababu, lilitengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, na asili yake imechukuliwa kwa jiko la ndoo la watu wa Thailand. Wataalamu walilichora, lakini hawakulifikisha popote mpaka mafundi wa jua kali kule Shauri Moyo, Nairobi, walipolishika, wakalipunguza hapa, wakaliongeza pale, na wanawake wakasema hili lapinduka, hili sufuria haikai. Halikufungiwa kwa haki ya mtu mmoja. Kila fundi aliliiga. Likitengenezwa vyema na kutumiwa vyema, hupunguza mkaa thuluthi moja, na pengine hata likakaribia nusu. Kwa upande wa kuni, liko lile jiko la udongo lililoenezwa na chama cha Maendeleo ya Wanawake, likaja baadaye kuitwa Upesi, na hapa upande wetu wa Magharibi walioshika kazi ya kulifinyanga ni vikundi vya wanawake ambao ufinyanzi ni kazi ya mama zao na bibi zao.

Sasa twaingia katika jambo ambalo twalionea uzito kuliko yote. Ikiwa fundi ndiye ashikaye mlango, basi amana yake ni nzito kuliko alivyozoea kuifikiri. Sote twajua kwamba sokoni yako majiko mazuri na yako majiko ya udanganyifu: udongo haukuchomwa ukaiva, kati ya bati na udongo hamna kitu cha kuzuia joto, na baada ya miezi miwili kigae chapasuka. Mama aliyejinyima akalinunua hurudi kwenye mafiga matatu, na hatanunua tena, na jirani zake watatu waliomwona hawatanunua kabisa. Je, fundi yule ameuza jiko bovu tu? Sisi twasema ameuza zaidi ya hilo. Ameiuza itikadi ya watu kwamba mambo yaweza kutengenea. Katika mapokezi ya Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, imesimuliwa kwamba alipita sokoni kwenye chungu ya nafaka, akaingiza mkono wake ndani, akakuta chini pamelowa, akamkemea mwenye kuiuza. Kigae kibichi ndani ya bati lililopakwa rangi ni nafaka ile ile iliyolowa chini.

Fundi mmoja tuliyemweleza haya alitujibu kwa hasira, na jawabu lake twaliandika hapa kwa insafu. Alisema: "Mnunuzi huja akaniuliza la bei rahisi. Nikimwonyesha zuri, huenda kwa mwenzangu. Nifanye uaminifu, wanangu wale nini?" Hatukuwa na jawabu la haraka. Tulimwuliza kama amewahi kuyaweka majiko mawili mbele ya mnunuzi, akayawasha yote mawili, mbele ya macho yake. Akanyamaza kidogo, akasema hajafanya. Labda hilo si jawabu kamili. Lakini twajua kwamba watu masikini si wajinga wa fedha zao. Ni watu wasioamini maneno matupu, kwa sababu wameuziwa maneno matupu mara nyingi.

Tukiwa katika kuhesabiana, tujihesabu na sisi wenyewe. Mwezi mmoja baada ya darsa ile tulikuwa na khitma ya marehemu mmoja katika jamaa zetu. Yalipikwa masufuria matatu makubwa ya pilau uwanjani, juu ya mafiga, na upepo ukivuma, na kuni zilizoletwa zilijaza mkokoteni. Watu walikula, wakashiba, na sufuria moja karibu nzima ikabaki, na siku ya pili wali ule ulimwagwa kwa kuwa umechacha. Tulimwendea mpishi, mzee ambaye amepika karamu za mji huu miaka mingi, tukaanza kumsomea juu ya israfu. Akatusikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono yake, akasema: "Masheikh, mimi niliwaambia wenye shughuli masufuria mawili yatosha. Wakasema watu watatusema. Nikawauliza, masheikh wasemaje? Wakasema masheikh wamenyamaza."

Tuliona haya, nasi twaandika hapa ili haya ile isitutoke upesi. Mpishi alikuwa ameifanya kazi yake, na sisi hatukuifanya yetu. Katika shughuli za harusi na matanga, mwenye kufiwa au mwenye kuoza hana nguvu ya kupunguza, maana akipunguza peke yake huitwa bakhili. Anayeweza kumfunika kwa neno lake ni sheikh, na mpishi ndiye anayejua kipimo. Wawili hawa wakisimama pamoja, mwenye shughuli apata udhuru mbele ya watu. Wakinyamaza, masikini hukopa ili apike wali wa kumwagwa. Wala mtu asidhani twaikataza karamu. Kuwalisha watu ni katika mambo mema. Twakataza sufuria ya tatu.

Kuna na mwashi. Nyumba zetu hapa twazijenga kwa matofali ya kuchoma, na kila tanuri la matofali lateketeza miti mingi kwa siku chache. Siku hizi wako mafundi wanaoshindilia udongo kwa mashine pamoja na saruji kidogo, likatoka tofali lisilohitaji moto, lenye kushikana na mwenzake. Tumeyaona, nayo ni imara. Lakini mwenye kujenga huogopa, na mwashi asiyejifunza kazi hiyo humtia khofu zaidi, kwa sababu hapendi kusema "sijui." Neno hili "sijui" laonekana dogo, na kumbe limezuia mambo mengi katika nchi hii, hata katika vyuo vyetu.

Ama mwenye pikipiki ya boda boda, hatutamlaumu leo. Pikipiki za umeme zimeanza kuenea katika miji mikubwa, na umeme wa Kenya kwa sehemu iliyo kubwa sana watokana na mvuke wa ardhi wa Olkaria, na maji, na upepo wa Turkana, si makaa ya mawe. Siku zitakapomfikia kwa bei anayoiweza, atazishika mwenyewe kwa hesabu ya petroli tu.

Mtu wa kumfikiri zaidi ni mchoma mkaa. Wako wanaopenda kusimama na kusema ni haramu, yakaisha. Sisi twaogopa kusema hivyo kwa wepesi. Mtu yule aamka usiku, akaa na moshi siku nne, macho mekundu, na faida kubwa haimfikii yeye bali humfikia mwenye lori. Mwenye kumkataza ni wajibu wake amwonyeshe mlango mwingine. Na hapa watawala nao wana sehemu yao ya kuulizwa. Mwezi wa Julai 2021 gesi ya kupikia ilitiwa kodi ya asilimia 16, katika nchi ile ile iliyokuwa ikiwahimiza watu waache mkaa. Ikapunguzwa kuwa asilimia 8 mwaka 2022, na mwaka 2023 ikaondolewa. Gesi nayo ni katika mafuta ya ardhini, hilo twalijua, lakini kifua cha mama hupumzika. Kumhimiza mtu kwa ulimi na kumzuia kwa kodi ni mambo mawili yasiyokaa katika kinywa kimoja.

Hatusemi kwamba maneno ya dini hayana kazi. Kule Misali, kisiwa kilicho karibu na Pemba, mwishoni mwa miaka ya 1990 wavuvi walifundishwa juu ya amana ya bahari kwa lugha ya dini yao, na watu walioshuhudia wamesema kuwa mafundisho yale yaliwagusa pale ambapo amri za serikali hazikufika. Lakini angalieni: waliofundishwa walikuwa ni wavuvi, juu ya uvuvi wao, katika kisiwa chao. Hawakupewa khutba ya dunia nzima. Neno la dini lilikutana na mtu mwenye nyavu mkononi.

Ama ndugu yetu muuza nguo, alirudi katika darsa baada ya wiki kadhaa akasema amenunua jiko la udongo, na mke wake alipenda kwa ugali na mboga. Lakini siku za mahindi na maharagwe hurudi kwenye mafiga, kwa sababu sufuria kubwa haikai juu ya jiko lile. Wapo waliotaka kumcheka tena. Mfinyanzi mmoja mwanamke, aliyekuwa amekuja kumchukua mwanawe chuoni, alisimama mlangoni akamwambia: "Mwambie mama aniletee sufuria yenyewe." Jumatatu ililetwa, ikapimwa kwa kamba, na jiko la kipimo chake limo juani likikauka hivi sasa tunapoandika. Na lile suala lake la pili, kwamba hao wenye magari makubwa wataulizwa nini, alitukumbusha kuwa bado hatujalimaliza. Tumemwahidi darsa ya mwezi ujao.